Harufu ya Kitu Kipya

Kabati langu lilifika Jumamosi jioni juu ya kirikuu, limefunikwa shuka kuukuu ili lisikwaruzwe njiani. Lilikuwa linang'aa kiasi kwamba dereva, alipolivua ile shuka, alisimama kidogo akajitazama kwenye mlango wake na kurekebisha kofia. Tulilipandisha hadi chumbani kwangu, nikalipa nauli, nikafungua madirisha yote mawili. Usiku ule harufu ilinishinda. Saa saba nikachukua mto nikaenda kulala sebuleni. Siku ya tatu ilipungua. Siku ya nne alikuja rafiki yangu, akasimama mlangoni, akavuta pumzi kama mtu aliyesikia pilau la jirani, akasema, "Eeh! Harufu ya kitu kipya!"

Nikafurahi. Hicho ndicho kinachonisumbua hadi leo, kwamba nilifurahi, wakati kati ya watu wote wa Dar es Salaam mimi nilipaswa kuwa wa mwisho kuisifia harufu ile. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika afya ya mazingira. Harufu ile ndiyo ninayoisomea.

Harufu ya rangi mpya ni harufu ya kitu kinachoondoka. Rangi au vanishi haiwezi kukaa kwenye mbao bila kubebwa na kimiminika fulani, na kimiminika hicho kikishaibeba hadi pale inapotakiwa, kazi yake imekwisha, kinaruka hewani. Katika rangi ya maji mbebaji mkuu ni maji. Katika rangi ya mafuta mbebaji ni kiyeyushi, na neno "mafuta" hapa lisikupeleke kwenye ya kupikia: hawa ni ndugu wa mafuta ya taa na petroli. Katika kopo la rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kung'aa, kiyeyushi kinaweza kufika karibu nusu ya ujazo. Yaani unanunua kopo, na karibu nusu ya ulichonunua kimetengenezwa ili kikuache. Vanishi ya kupuliza ndiyo zaidi, maana fundi huizimua tena kwa thina mpaka iwe nyepesi ya kupita kwenye tundu la bomba. Ndani ya thina mara nyingi kuna toluini na zailini. Na kinachoondoka kwenye kabati hakipotei. Kinakwenda mahali, na mahali pa kwanza ni pua ya aliyeshika bomba.

Nilimwona aliyeshika bomba. Nilikuwa nimekwenda Keko, ambako nusu ya jiji hili hununua vitanda na makochi, kuangalia kazi yangu imefikia wapi. Ulikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekolea, na chini ya bati kulikuwa na joto la unyevu lisiloondoka. Kijana wa miaka kumi na saba au minane alikuwa amechutama mbele ya kabati langu, fulana imefungwa kuzunguka mdomo na pua, akipeleka mkono kushoto na kulia polepole kama anayepunga. Ukungu wa vanishi ulikuwa umesimama kati yake na mwanga. Nikamuuliza fundi mkuu, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Fundi, hakuna vanishi ya maji?"

Hakunicheka. Alifuta mikono, akanijibu kama alivyokwisha kuwajibu wengine kabla yangu. Ipo, lakini dukani ni ghali na si kila siku utaikuta. Na mvua hizi haikauki. (Katika hili yuko sahihi kabisa: maji hayataki kuruka kwenye hewa ambayo tayari imejaa maji, ilhali thina haijali mvua.) Na ikikauka haitang'aa kama lile kabati la jirani yako unalolitaka. "Nikiweka ya maji, dada'ngu, utalipata Jumatano. Na uongeze elfu sitini."

Jumapili shangazi zangu wawili walikuwa wanakuja kukiona chumba changu kwa mara ya kwanza. Nguo zangu zilikuwa kwenye mabegi mawili na ndoo moja. Nikasema, "Basi weka hiyo hiyo."

Maneno manne. Tangu siku ile nimesoma makala nyingi, nimefanya mitihani, na bado sijajua niyaweke wapi maneno yale manne.

Jibu la kwanza ambalo kila mtu hunipa ni kwamba kijana amekubali mwenyewe. Hakuna aliyemfunga kamba. Nililichukua jibu hili kwa uzito, kwa sababu mbadala wake, kwamba watu maskini hawajui wanachofanya na sisi wenye vyeti tunajua kwa niaba yao, unanikera zaidi. Siku ile, wakati kompresa imezimwa, nilizungumza na yule kijana. Aliniambia kabla ya hapo alikuwa akiuza maji barabarani, kwenye foleni, katikati ya moshi wa mabasi. Hapa anajifunza ufundi. Baada ya miaka miwili au mitatu atakuwa na kibanda chake. Alinieleza haya akiwa amenyooka mgongo, na nikaona kwamba huruma yangu ingekuwa tusi kwake. Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma.

"Mwanzo kiliuma sana, dada. Sasa nimeshazoea."

Kuzoea ndiko kunakonitisha. Pua ni kiungo kinachochoka upesi. Ikikaa na harufu kwa dakika kadhaa huacha kuitangaza. Mapafu hayana tabia hiyo. Yanaendelea kupokea, damu inaendelea kubeba, na toluini ikifika kwenye ubongo haipigi hodi mara ya pili. Fulana aliyojifunga inazuia baadhi ya matone ya vanishi, lakini mvuke unapita kati ya nyuzi zake kama hakuna kitu. Wa kuuzuia ni kichujio cha mkaa maalumu, na pale kibandani hakikuwapo hata kimoja.

Kulikuwa na maziwa. Fundi mkuu alinionyesha pakiti mbili juu ya meza ya randa. "Tukimaliza tunakunywa, yanakata sumu." Imani hii utaikuta kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi za magari, kwa wanaosaga nafaka, na darasani kwetu mtu akiitaja watu hutabasamu. Ni kweli kwamba maziwa huenda tumboni na mvuke huenda mapafuni, na hawakutani. Lakini nimeacha kutabasamu. Hakuna anayekunywa dawa baada ya kazi isiyodhuru. Zile pakiti mbili zilikuwa ushahidi kwamba wote wawili wanajua, wamejua siku zote, na kwamba katika kujua huko kitu pekee walichoweza kukinunua kilikuwa maziwa. Wanaosema "tuwaelimishe tu" wangeziangalia pakiti hizo kabla ya kuandaa semina.

Halafu kuna mwingine anayevuta toluini, naye tunamfahamu sote. Ni yule mtoto wa kituo cha mabasi mwenye chupa ya gundi ya viatu ndani ya shati. Gundi za namna ile nyingi zina toluini. Kemikali ni ileile, njia ni ileile, kizunguzungu ni kilekile. Kwa yule mtoto tunasema ameharibikiwa; tunapanga mikakati, tunaandika miradi, wengine tunabana mkoba tukipita karibu naye. Kwa kijana wa Keko tunasema anajituma. Nimejaribu kuitafuta tofauti ya haki kati ya hawa wawili. Ninayoipata ni kwamba wa pili, akimaliza kuvuta, hutuachia kabati.

Sisemi haya kana kwamba ni siri iliyogunduliwa juzi. Miaka ya 1970 madaktari wa nchi za Skandinavia walianza kuona wapaka rangi wenye umri wa kufanya kazi ambao kumbukumbu zilikuwa zinawapotea, hasira zinakuja bila sababu, umakini umekatika. Hali hiyo ikaitwa kwa jina la kazi yao, ugonjwa wa wapaka rangi. Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaweka kanuni kwamba mpaka rangi atumie rangi yenye madhara madogo kadiri kazi inavyoruhusu. Mwaka 1989 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka upakaji rangi katika kundi la kwanza, la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na tathmini zake za baadaye zimelishikilia hilo. Angalia kilichoandikwa pale: hawakutaja kemikali moja, walitaja kazi yenyewe. Kwenye orodha ileile yenye moshi wa sigara na asbesto kuna kazi ambayo mjomba wa mtu anaamka kwenda kuifanya.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya mtu mmoja na pua yake. Lakini ukungu ule chini ya bati haukukaa pale. Ulitoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Arie Haagen-Smit, mtaalamu wa biokemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha California, alikuwa akishughulika na jambo la amani kabisa: kemikali zinazolipa nanasi harufu yake. Jiji la Los Angeles wakati huo lilikuwa likifunikwa na ukungu wa kuwasha macho, na watu hawakuelewa unatoka wapi. Haagen-Smit akavihamishia kwenye hewa ya jiji vifaa alivyokuwa akikamatia harufu ya nanasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mivuke ya mafuta ikikutana na gesi za moshi wa injini chini ya jua kali huzaa ozoni, ileile inayotulinda ikiwa juu angani na kutuunguza mapafu ikiwa chini hapa. Mwaka 1966 Los Angeles ikapitisha kanuni ya kubana viyeyushi vya rangi, kwa sababu mivuke yake nayo iliingia kwenye mchanganyiko huo. Na mwaka 2018 watafiti wakachapisha kwenye jarida la Science jambo ambalo wengi hawakulitarajia: baada ya magari kusafishwa kwa miongo kadhaa, rangi, wino, viuatilifu, manukato na dawa za usafi sasa vinachangia karibu nusu ya mivuke ya aina hiyo itokanayo na mafuta ya ardhini katika miji ya nchi za viwanda.

Dar es Salaam ina jua mwaka mzima na foleni kila asubuhi. Kabati langu lilichangia sehemu yake. Sehemu hiyo ni ndogo kiasi gani? Ni ndogo kiasi kwamba hakuna mtoto yeyote mwenye pumu, popote jijini, atakayeweza kusema alikohoa kwa ajili yangu. Hapa ndipo falsafa iliponikamata, mimi niliyedhani nimeikimbia tangu mwaka wa kwanza.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, anawaza watesaji elfu moja na wateswa elfu moja. Kila mtesaji anabonyeza kitufe kinachomwongezea kila mteswa maumivu kidogo mno, kiasi ambacho mteswa mwenyewe hawezi kukihisi. Wote elfu wakishabonyeza, wateswa wako katika maumivu makali. Kila mtesaji anaweza kurudi nyumbani akala chakula chake na kusema kwa dhati kwamba hakuna mtu aliyeumia zaidi kwa ajili yake. Parfit anasema hapana, tendo laweza kuwa kosa kwa sababu ni moja katika kundi la matendo yanayoumiza kwa pamoja, hata kama peke yake halihisiki.

Nikakumbuka kwamba nimelelewa na methali inayojua jambo hili. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Bibi yangu aliitumia tukiiba sukari. Ila methali ile inakomea kwenye buyu kuwa tupu. Haituambii nani kati ya wachovyaji adaiwe. Bibi alitupiga wote, na sasa naona alikuwa amekaribia kumfikia Parfit.

Hata hivyo mfano wa vitufe haunitoshi, na ninadhani najua kwa nini. Watesaji wa Parfit wako sawa, kila mmoja na kitufe chake. Sisi hatuko sawa. Mnyororo wa kabati langu una kiwanda kilichotengeneza thina, duka lililoiuza, fundi, kijana, mimi, na yule mtoto wa pumu nisiyemjua. Kijana anaonekana ndiye mbonyezaji, maana kidole chake ndicho kilichokuwa kwenye bomba, na bado yeye ndiye anayeumia kwanza na kwa wingi zaidi. Aliyepata wepesi wote ni mimi. Nilipata mng'ao, nikapata Jumamosi badala ya Jumatano, nikabakiwa na shilingi 60,000. Mwezi uleule nilisuka nywele kwa 55,000. Naiandika hesabu hii kwa sababu kila nilipoisimulia hadithi hii kwa mdomo nilijikuta nikiiacha.

Rafiki mmoja wa darasani, anayesoma sheria jioni, aliniambia natafuta dhambi mahali penye pengo la sheria tu. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Ukiisoma unaona imeandikwa kwa ajili ya mahali penye geti, ofisi na orodha ya mishahara. Chini ya bati la Keko, mwajiri ni nani? Fundi mkuu naye anapuliza kijana akichoka, na anakunywa maziwa yaleyale. Kwa upande wa rangi yenyewe, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2004 agizo lililobana kiasi cha mivuke ndani ya kopo: kufikia mwaka 2010, rangi za kawaida za kuta za ndani zisizong'aa zisizidi gramu 30 kwa lita, na zile za kiyeyushi za mbao na chuma zisizidi 300. Baada ya hapo mteja wa kule hakuhitaji kuwa mtu mwema. Aliingia dukani, akanunua kilichokuwapo. Rafiki yangu aliniambia hilo ndilo la kupigania, na mateso ya nafsi yangu hayatampa kijana pumzi hata moja.

Nakubaliana naye nusu. Sheria ingefanya kazi ambayo dhamiri za wateja mmoja mmoja hazitaiweza. Lakini sheria haikuwapo Aprili ile, na mimi nilikuwapo. Niliulizwa swali la bei na la siku, nikajibu. Kusema kosa ni la mfumo ni kweli, na ni ukweli unaonifaa mno. Nimejifunza kuushuku ukweli unaonifaa kiasi hicho.

Wala nisiitukuze rangi ya maji. Ina viuavijidudu vya kuizuia isioze ndani ya kopo, na baadhi yake huwasha ngozi ya fundi hadi ipasuke. Brashi zake huoshwa bombani na maji yake meupe nimeyaona yakiteremka kwenye mtaro, na mitaro ya jiji hili inajulikana inakokwenda. Bado toleo lake kwenye mapafu ni dogo kwa mbali. Madukani sasa yapo makopo yenye sifa ya kutokuwa na harufu, na wanunuzi wake ni hoteli, hospitali binafsi, watu wa Masaki. Kule kutokuwa na harufu ndiyo fahari. Kwetu fahari ni kuwa nayo, maana harufu ndiyo risiti: bila hiyo, mgeni atajuaje kwamba umenunua?

Mwezi wa Juni nilirudi Keko kuagiza rafu ya vitabu. Nilikuwa nimebeba barakoa yenye vichujio viwili vya mkaa, niliyoinunua Kariakoo. Kijana akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha dressing table iliyokuwa ikisubiri mwenyewe, akacheka. Fundi mkuu aliigeuzageuza mikononi, akafungua kichujio kimoja, akakifunga tena vizuri.

"Hizi zinakaa muda gani?"

Nikamwambia kwa kazi ya kila siku ni wiki chache, pengine pungufu.

"Na zikiisha?"

Nilikuwa na jibu refu juu ya hili, lenye kurasa. Sikulitoa. Nikasema rafu naitaka ya vanishi ya maji, nitaongeza pesa, nitasubiri. "Sasa hivi kuna jua," akasema, "haitafika wiki." Kijana aliipaka kwa brashi, nje, mdomo wazi, huku akiimba.

Ilikauka siku nne. Haing'ai sana, ukiitazama kwa pembeni unaona mbao, wala hujioni mwenyewe. Rafiki yangu alipokuja akaipitishia kiganja, akainama, akanusa.

"Hii umenunua ya mtumba?"

Nikamwambia hapana, ni mpya.